Kompyuta Inayoganda Bila Kutabirika: Joto, Umeme na Subira ya Fundi

Kompyuta ya mezani inayoganda ovyo, yaani ile ambayo picha yake husimama ghafla na kibodi isijibu lolote mpaka mtumiaji aizime kwa nguvu, huwachosha mafundi kuliko iliyokufa kabisa, kwa sababu mashine iliyokufa huonyesha ubovu wake kila inapopimwa, ilhali inayoganda huweza kufanya kazi mchana kutwa mbele ya fundi na kusimama mara tu irudipo kwa mwenyewe. Katika Ruhwa, kituo cha mpakani kati ya Rwanda na Burundi kilichopo Wilaya ya Rusizi, uchunguzi wa mashine ya namna hii hauna budi kuanza na mazingira yenyewe, kabla ya programu ambazo mafundi wengi hukimbilia kuzifuta na kuziweka upya.

Jambo la kwanza ni kutofautisha programu iliyokwama na mashine iliyoganda. Kompyuta inaposimama, kitufe cha Caps Lock kibonyezwe mara mbili tatu: taa yake ikiwaka na kuzimika, kwa kawaida mfumo endeshi bado uko hai, na shaka huelekezwa kwenye programu, diski, au draiva ya kadi ya picha, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa hicho; taa isipobadilika, yaelekea mfumo mzima umesimama, na hapo joto, umeme na kumbukumbu huwa washukiwa wakubwa. Kila tukio liandikwe daftarini pamoja na saa, kazi iliyokuwa ikifanyika na hali ya umeme, kwani tatizo linaloonekana kutokea ovyo mara nyingi lina mpangilio usioonekana mpaka uandikwe.

Ruhwa iko katika uwanda wa Bugarama, eneo la chini kuliko yote nchini Rwanda, ambako bonde la mto Rusizi hushuka hadi mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake huzidi sana lile la Kigali, jiji lililo juu ya mita 1,500. Joto la chumba likipanda nyuzi 10, joto ndani ya kasha la kompyuta hupanda kwa kiasi kinachokaribia hicho. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, hujilinda yenyewe: inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na hatari ikizidi huizima mashine, hivyo joto lake huleta uzito au kuzimika ghafla zaidi kuliko kuganda. Vinavyostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni vijenzi visivyo na ulinzi huo, hasa kapasita, yaani vile vimikebe vidogo vya kusawazisha umeme vilivyo kwenye ubao mkuu na ndani ya pawa saplai. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, maisha ya kapasita yenye kimiminika ndani hupungua kwa nusu kila joto linapoongezeka nyuzi 10, na iliyochoka mara nyingi hujulikana kwa kichwa kilichovimba au kuvuja. Vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, huongeza madhara kwa kuziba mapezi ya metali yanayopoza prosesa. Lisafishwe kwa brashi laini, mashine ikiwa imechomolewa na feni imeshikwa isizunguke, kisha pasta ya kupitisha joto iliyokauka ibadilishwe.

Umeme ni suala jingine zito. Mitambo ya mto Rusizi iko katika ukanda huohuo, ukiwemo Ruzizi II wa megawati 43.8 unaomilikiwa kwa ubia na Rwanda, Burundi na Kongo, lakini ukaribu wa mtambo haumhakikishii mteja umeme tulivu, kwa kuwa volti hushuka kadiri waya unavyorefuka na mzigo unavyozidi. Volti 230 za ukutani zikiyumba, pawa saplai dhaifu hushindwa kushikilia mkondo wake wa volti 12, ambao kwa kanuni haupaswi kutoka nje ya volti 11.4 hadi 12.6. Njia ya uhakika ya kulithibitisha hilo ni kufunga kwa muda pawa saplai nyingine inayojulikana kuwa nzima. Kipimo cha multimita husaidia, ila mtikisiko wa sehemu ndogo ya sekunde hukiponyoka.

Kumbukumbu, yaani RAM, hupimwa kwa programu ya MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi na kuachwa usiku kucha, na kosa hata moja linatosha kuitilia shaka. Diski inayokufa ina dalili yake: kipanya husogea, lakini kila faili huchelewa huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, na hapo data zihamishwe kwanza, kabla ya kipimo kingine chochote. Katika Windows, orodha ya matukio mara nyingi huonyesha Kernel-Power 41, ambayo mafundi wengi huichukulia kuwa ndiyo chanzo, ilhali inaeleza tu kwamba mashine iliwashwa upya bila kuzimwa kwa utaratibu.

Kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja, kisha mashine ipewe muda wa kutosha, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mashine iliyokuwa ikiganda kwa bahati nasibu kila siku 3 kwa wastani ina uwezekano wa asilimia 37 hivi wa kupitisha siku 3 salama bila kutengenezwa chochote. Uwezekano wa kupitisha siku 9 kwa bahati tupu ni asilimia 5 hivi, na ni baada ya muda wa namna hiyo ndipo fundi anaweza kumwambia mwenye kompyuta kwamba imepona.