Miguu Inayouma kwa Kukaa

Mama yangu ana miaka 71. Alipokuja kutusalimia Goba mwaka jana nilimkaribisha kwenye kochi, akakataa. Akatandika mkeka wake karibu na dirisha, akanyoosha miguu, akaanza kuchambua mchele. Adhana ya alasiri ilipolia akakunja mguu mmoja, akaegemeza kiganja chini, akainuka mara moja. Mimi nina miaka 43, na kuinuka kwenye kochi lile ni lazima nishike mkono wa kochi lenyewe kwanza.

Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, hapa kwako miguu inaniuma kwa kukaa."

Nilikulia Temeke, katika nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na uani nyuma. Choo kiko uani, jiko liko uani, kamba ya nguo iko uani. Nazi unaikuna umekalia mbuzi, magoti juu, mikono inafanya kazi. Unainuka kufuata chumvi, unarudi, unainuka tena kufuata kuni. Mbele kulikuwa na baraza, na mbele ya baraza mchanga, ambako tulicheza rede na kombolela mpaka tuitwe magharibi. Hakuna aliyeyaita mazoezi. Nyumba yenyewe ilikuwa inatutembeza.

Nyumba yangu ya Goba choo kimo ndani ya chumba, maji yako bombani, mashine inafua. Kitu cha dukani tunaletewa na bodaboda mpaka getini. Makochi niliyapanga yote yatazame televisheni, na aliyeingia sebuleni alikuta ameshapangiwa la kufanya. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa akitoka shule anatupa begi, anashika rimoti, na hapo ndipo magharibi ilipomkuta. Nilikuwa nikimwita mvivu. Nilimwonea, maana uwanja wote tulikuwa tumeusakafia na gari lililala katikati. Angechezea wapi?

Sisemi turudi kuchota maji kisimani. Kazi ile iliwachosha mama zetu na kuwanyima wasichana wengi muda wa kusoma. Ninachosema ni kwamba tulipoiondoa kazi hatukuweka kitu mahali pake.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa siku nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Wote walipanda basi moja, wakavuta hewa moja. Mmoja alikuwa na kiti, mwingine alikuwa na ngazi. Kila nikiufikiria utafiti huo naiona sebule yangu.

Misuli ya mapaja na ya makalio ni mikubwa, na ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Ukikaa inalala, sukari inakawia kushuka baada ya kula, na damu miguuni inakwenda taratibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kila wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Zamani iliaminika kwamba ni lazima ziwe dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa. Kupiga deki kunahesabiwa, kufua sare kwa mkono kunahesabiwa, na kupanda ngazi mara moja tu nako kunahesabiwa.

Kwa hiyo tulianza na vitu, tukaacha maneno. Kochi moja tulimpa jirani, pakabaki sakafu ya kutosha mkeka. Televisheni ikahamia chumba cha pembeni, anayeitaka aifuate. Gari sasa linakaa ubavuni mwa nyumba. Kwenye msumari kando ya mlango wa mbele, pale pale ilipokuwa rimoti, nimetundika kamba ya kuruka. Wiki ya kwanza binti alinuna. Wiki ya pili watoto wa jirani walisikia kamba inapiga sakafu, wakagonga geti.

Wewe unayejenga sasa, kabla fundi hajamwaga zege, mwambie akuachie kipande cha mchanga, hata kama ni cha upana wa vyumba viwili. Ukishasakafia, kubomoa zege ni gharama kubwa kuliko kukiacha. Na wewe uliyepanga chumba kimoja, mkeka haukosi mahali, wala kamba.

Ile kamba ya kwanza imekatika mwezi uliopita kwa kuchakaa. Nimenunua nyingine.