Mtoto haishi kuanguka: lini umbembeleze, lini umkimbize hospitali

Nyumba yenye mtoto aliyeanza kutembea haipitishi siku bila kishindo na kilio. Mara kajikwaa kwenye kizingiti, mara kagonga meza, mara kateleza bafuni. Mzazi huanza kujiuliza kama mwanawe ana tatizo la miguu au ni utundu tu. Mara nyingi si hili wala lile, bali ni umbo lake.

Mtoto anapozaliwa, kichwa huwa karibu robo ya urefu wa mwili wake. Kwa mtu mzima ni karibu sehemu moja ya nane. Uzito ukikaa juu, mwili huyumba kwa urahisi na kichwa hutangulia chini. Mwaka 2012, Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 12 hadi 19. Wakicheza, watoto hao walipiga wastani wa hatua 2,368 kwa saa na kuanguka mara 17. Ndivyo kutembea kunavyojifunzwa. Wa kupelekwa kwa daktari ni yule aliyekwisha kuzoea kutembea kisha akaanza kuanguka upya, au anayeangukia upande mmoja kila mara.

Nundu inatokeaje?

Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, na chini yake kuna mfupa mgumu. Mishipa ikipasuka, damu haina pa kwenda ila juu, na baada ya dakika chache paji la uso limevimba kama yai. Uvimbe huo uko nje ya fuvu. Kwa hiyo ukubwa wa nundu hausemi ubongo umepatwa na nini. Tofauti ni kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja: akivimba ubavuni mwa kichwa au kisogoni, na uvimbe ukawa laini, apelekwe hospitali.

Nundu ya kawaida iwekee kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 10 hivi. Usiikande kwa maji ya moto wala kuisugua, maana damu itazidi kuvuja.

Kisha mwangalie mtoto mwenyewe. Akilia, akanyamaza na kurudi kwenye mchezo wake, hiyo ni dalili njema. Kama ni saa yake ya kulala, mwache alale, ila mchungulie na uhakikishe anashtuka ukimgusa. Mkimbize hospitali akipoteza fahamu, akitapika tena na tena, akipata degedege, akisinzia isivyo kawaida au akitokwa na maji au damu masikioni.

Mkono usiotaka kunyanyuka

Kuna jeraha lisilotokana na kuanguka. Mama anawahi daladala, anamvuta mtoto kwa kiganja, na ghafla mtoto analia na kuuacha mkono ukining'inia. Mfupa mmoja wa kiwiko umechomoka kidogo mahali pake, jambo la kawaida kwa walio kati ya mwaka mmoja na minne. Usimnyooshe mwenyewe. Mhudumu aliyefunzwa huurudisha kwa muda mfupi. Ukimnyanyua mtoto, mshike kwapani.

Angalia pia michubuko iko wapi. Ya magotini, kwenye miundi na kwenye paji la uso ni ya michezo. Ya masikioni, shingoni au mgongoni inataka maswali kwa wanaoshinda naye.

Moto, maji na mafuta ya taa

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Ushauri huo unafaa sebuleni. Jikoni na uani haufai, kwa sababu huko kosa moja linaweza kuwa la mwisho.

Akimwagikiwa na uji au chai, mmiminie maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia jagi, polepole. Dawa ya meno, yai na mafuta havipozi, na humpa kazi mganga wa kusafisha kidonda. Ngozi ikifanya malengelenge, au akiungua usoni, mikononi au sehemu za siri, nenda hospitali.

Ndoo ya maji nayo ni hatari. Mtoto akiichungulia, kichwa chake kizito humvuta ndani na hawezi kujitoa. Ifunike au imwage.

Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda. Akiyanywa, usimtapishe wala kumpa maziwa, kwa kuwa akitapika mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uibebe.

Hakuna mzazi awezaye kumfuata mtoto kila hatua kutwa nzima. Macho yatachoka tu, basi na yachokee kwenye jiko na ndoo. Mkekani mwache aanguke.