Huyu mtoto hana kichwa nguvu: darasa dogo linabadilisha nini?

Wengi wetu tulipata diploma kwa sababu nyumbani kulikuwa mtu wa kutuuliza: "Leo mulisoma nini?" Hapa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, kuna watoto wasio na mtu huyo. Wengine walitoka katika makundi yenye silaha kule Fizi na milima ya Itombwe. Wengine walipotezana na wazazi wakati wa kukimbia vita, ama maisha ya nyumbani yaliharibika mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa 4 mwaka 2020. Wengi wao wanakaa katika famiya ya kupokea, yaani famiya inayomlea mtoto huku ndugu zake wakitafutwa.

Nilifanya staji katika darasa la watoto kama hao. Walikuwa 18 tu. Nataka nieleze kwa nini darasa la namna ile linawasaidia pale ambapo darasa la watoto 60 linawashinda.

Tuanze na shida yenyewe. Mtoto aliyezoea kulala porini, akili yake imejifunza kulinda, haijajifunza kutulia. Mlango ukipigwa na upepo, anaruka. Usiku ndoto zinamwamsha, asubuhi anasinzia juu ya daftari. Mwalimu mwenye watoto 60 anasema: "Huyu iko na kichwa nguvu, atoke inje!" Akitolewa mara tatu, harudi tena. Njo hapo tunampoteza, na wala si kwa kukosa akili.

Darasa dogo linafanya mambo manne.

1. Mtu mzima ni yuleyule kila siku. Mtoto aliyepita mikononi mwa watu wengi hamwamini mtu haraka. Mwalimu akiwa na watoto wachache anajua nani hakula, nani hakulala, na anapita kumsalimia mama mlezi nyumbani.

2. Siku ina mpango unaojulikana. Salamu, kusoma, hesabu, mchezo, uji. Kwa sisi inachosha. Kwa yeye ni dawa, kwani anajua kitu gani kinafuata.

3. Kuna saa ya kuongea. Watoto wanafundishwa kupumua pole pole hofu ikipanda, kutaja wanachosikia mwilini, na kueleza yaliyowapata bila kulazimishwa. Hii si hadisi tu. Mwaka 2013 kulitoka utafiti uliofanywa hapa mashariki mwa Kongo na wavulana 50 wa miaka 13 hadi 17, wengine wao wakiwa askari watoto wa zamani. Nusu walipata matibabu haya katika kikundi, nusu wakangojea. Waliotibiwa walipungukiwa sana na hofu, huzuni na mwenendo mbaya.

4. Masomo yanafupishwa. Katika ratrapaji, miaka 6 ya primeri inasomwa kwa miaka 3, na mwisho mtoto anafanya ENAFEP kama wengine. Kijana wa miaka 13 hakalishwi pamoja na watoto wa miaka 7. Tusidharau haya: aibu inafukuza vijana shuleni sawa na njaa.

Lakini kuna mitego. Ndugu wakipatikana katikati ya mwaka, mtoto anahamishwa mara moja, na masomo yanakatika. Marekani, sheria ya mwaka 2015 inataka mtoto anayelelewa na famiya nyingine abaki katika shule yake ya zamani kama ni kwa faida yake. Kwetu, vita na umbali vinaweza kukataza hilo, lakini angalau mtoto aende na buletini yake mkononi, na shule mpya ijulishwe mbele ya kufika kwake. Tena, tangu mwaka 2019 ni primeri ya serikali ndiyo bure; sekondari inaomba pesa. Mama mlezi mwenye watoto wake watano, anayeuza ndagala, atatoa wapi? Nimeona kijana amefaulu ENAFEP mwezi wa 7, na mwezi wa 9 akawa anasukuma mizigo bandarini.

Sasa sisi wenye diploma tufanye nini? Hatuwezi wote kuwa wanasaikolojia. Ila kila mmoja anaweza kushika mtoto mmoja: saa mbili kwa juma, hesabu na Kifaransa, siku ileile, saa ileile. Kama huwezi kuendelea mwaka mzima, bora usianze, maana mtu wa kutoweka ni kitu ambacho mtoto huyo amekwisha kuona sana. Ukiwa mwalimu na unaona mtoto anasinzia, muulize kwanza alilala saa ngapi, kisha ndipo ufikirie azabu.

Na mtoto akipita ENAFEP, tusipige makofi tukaenda. Hapo njo kazi ya kumtafutia nafasi ya sekondari inaanza. Ni nani tayari kushika mmoja mwaka huu?