Umeme Ukikatika: Betri Kwanza, Sola Baadaye

Ingia duka lolote la sola Kariakoo, sema unataka kujikinga na kukatika kwa umeme, uone utakavyopelekwa moja kwa moja kwenye paneli. Zinang'aa, ni kubwa, na ndizo zinazopandisha bili. Ila kwa mtu wa mjini mwenye LUKU yake, paneli ni za kununua mwisho. Kinachowasha taa saa mbili usiku ni betri na inveta, na betri hiyo itachajiwa vizuri tu na umeme huohuo wa TANESCO wakati upo.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulikuwa na hesabu yake: umeme uliozalishwa haukutosha. Tangu Februari 2024 Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, limekuwa likiingiza umeme kwenye gridi. Mtaa ukizima leo, mtuhumiwa wa kwanza ni transfoma, nguzo iliyolala au matengenezo ya laini. Giza la namna hiyo ni la saa chache, na betri moja hulimaliza.

Anza na kalamu. Taa tano za wati 9, televisheni ya wati 55, feni ya wati 55 na ruta ya wati 10: jumla wati 165. Kwa saa tano hiyo ni wati-saa 825, na inveta nayo hula kama sehemu ya kumi, kwa hiyo betri itoe kama 920. Friji nimeiacha makusudi. Ukiifunga usiifungue-fungue, hutunza ubaridi kwa saa nne hivi, na mota yake inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya wati zilizoandikwa, jambo linalokulazimisha kununua inveta kubwa. Pasi, birika na jiko visubiri umeme urudi.

Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya risasi, ya maji au ya jeli, usiizoeze kuvuka nusu, maana itakufa mapema. Unabaki na 600. Ya lithiamu hukupa 1,000 na zaidi bila manung'uniko. Hapo ndipo bei hudanganya. Tuseme, kwa mfano tu, jeli ni shilingi 400,000 na lithiamu ni milioni 1. Weka bei utakazoambiwa wewe. Jeli ikishushwa nusu mara 500 itakuwa imekupa uniti 300 (uniti moja ni wati-saa 1,000), sawa na shilingi 1,333 kwa uniti. Lithiamu ikishushwa mara 3,000 imekupa uniti 3,000, shilingi 333 kila moja.

Muuzaji wa lithiamu ataishia hapo, na hesabu yake ni ya mtu anayetumia betri kila siku. Kama kwenu umeme hukatika mara moja kwa wiki, hizo mara 3,000 hutazifikisha hata ukizeeka katika nyumba hiyo. Betri yako itakufa kwa umri, si kwa kazi. Hata hivyo joto la Dar es Salaam halina huruma na betri za risasi: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Jeli iliyobanwa kwenye kabati lisilopitisha hewa utaibadilisha kabla hujaisahau bei yake. Kwa hiyo mimi ningechagua lithiamu, isipokuwa kama kwenu umeme hukatika kwa nadra sana. Betri ya gari usiiguse kwa kazi hii. Imeundwa kupiga stata, na ukiikausha kila mara haitamaliza mwaka.

Kabla ya kulipa, iinue. Jeli halisi ya Ah 100 huwa na kilo 28 hadi 30. Ikija mkononi kwa wepesi wa begi la shule, ndani hakuna hizo Ah 100. Lithiamu ya ukubwa huo ndiyo nyepesi, kilo 10 hadi 13. Paneli nazo zipime kwa futi: mita moja ya mraba hutoa wati 200 na kitu, kwa hiyo paneli ya ukubwa wa meza ndogo iliyobandikwa "300W" ni uongo wa stika.

Jenereta ndogo ya petroli huonekana rahisi siku ya kuinunua. Ikila nusu lita kwa saa, na lita tuiweke 3,000, saa tano ni shilingi 7,500 kwa usiku mmoja. Kujaza betri ya uniti moja kwa LUKU, pamoja na kinachopotea njiani, ni kama shilingi 450, kwa bei ya 356 kwa uniti pamoja na kodi. Tena moshi wa jenereta una gesi isiyo na harufu inayoua, hivyo haiwekwi ndani wala barazani karibu na dirisha.

Sasa paneli. Ya wati 550 kwa jua la Pwani itakupa uniti 2 hivi kwa siku, yaani kama shilingi 700 za LUKU, mradi uzitumie zote. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti hizohizo zina thamani ya shilingi 244 tu, na paneli itachukua miaka mingi kujirudisha. Pia uliza swali moja: umeme ukikatika, mfumo huu unaendelea kufanya kazi? Inveta ya kuunga sola na gridi bila betri hujizima yenyewe, ili isimpige shoti fundi aliye juu ya nguzo. Utakuwa na jua kali, paneli juu ya paa, na nyumba isiyo na umeme.

Mpangaji ana sababu nyingine ya kuanza na betri. Siku ya kuhama, betri na inveta vinaingia kwenye kirikuu pamoja na godoro. Paneli zilizotobolewa kwenye bati la mwenye nyumba zina mazungumzo marefu, na ni bora yafanyike kabla fundi hajapanda na drili.