Sura si Picha

Kufuli ni kufuli pale tu linapomzuia asiyehusika. Likifunguka kwa kila ajaye na kipande cha karatasi mkononi, hilo ni pambo la mlango. Hayo ndiyo yaliyozipata simu za mwanzo zilizofunguliwa kwa kuutambua uso wa mwenyewe.

Mwaka 2011 simu ya Galaxy Nexus ilitolewa ikiwa na ufunguo wa namna hiyo. Haukupita muda ikadhihirika kwamba picha ya mwenye simu, ikiwekwa mbele ya kamera, yatosha kuifungua. Mwaka 2012 likaongezwa sharti la kupepesa macho. Wajanja wakazigeuza picha zionekane zimefumba na kufumbua, na sharti hilo nalo likavunjika. Kiini cha udhaifu kilikuwa kimoja: kamera ya kawaida huona rangi na mistari, wala haipimi umbali wa kila sehemu ya kilicho mbele yake.

Dawa ya maradhi hayo ni kamera inayopima kina. Simu ya iPhone X ya kampuni ya Apple, iliyoanza kuuzwa Novemba 2017, hurusha usoni nukta zaidi ya 30,000 za mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho ya binadamu. Kamera maalumu huzisoma nukta hizo. Zilizoangukia puani, palipo karibu, huhama mahali pake tofauti na zilizoangukia vishimoni mwa macho. Kwa tofauti hizo simu hukokotoa miinuko na mabonde ya uso, kisha huyalinganisha na yale iliyoyahifadhi. Picha, hata iwe safi namna gani, haina pua iliyochomoza. Nukta zake zote hulala kwenye bapa moja, na ulaghai ukafichuka.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba hapana kinga isiyo na tundu. Mwezi huo huo wa Novemba 2017 kampuni ya Bkav ya Vietnam ilionesha kinyago cha dola zipatazo 150 kikiifungua simu hiyo. Apple yenyewe imekiri kwamba mapacha wanaofanana wanaweza kuichanganya. Ndiyo maana uso ukikataliwa mara 5, simu hudai namba ya siri. Lakini kuunda kinyago kwataka vipimo na ufundi. Picha ya mtu huokotwa popote.

Mwaka 2019 chama cha watumiaji bidhaa cha Uholanzi, Consumentenbond, kilitangaza kwamba katika simu 110 kilizozijaribu, 42 zilifunguka kwa picha. Basi simu mbili zaweza kusifiwa kwa maneno yale yale, "hufunguka kwa uso", ilhali moja inapima kina na nyingine inatazama tu.

Kwetu, ambako simu imekuwa mkoba wa fedha wa mkulima na mchuuzi, tofauti hiyo si jambo la anasa. Mwizi akiisha kuifungua simu, husoma ujumbe wa siri na kuwakopa ndugu kwa jina la mwenyewe. Muuzaji anayeuficha ukweli huo anamhujumu mnyonge. Hatuna budi kuuliza kabla ya kulipa. Na ambaye simu yake haina kamera ya kina, aifunge kwa namba ya siri. Hadhari kabla ya hatari.