Watoto Wenu na Wapime Mvua

Kila mwaka twasikia maneno yale yale barazani: "Mvua za safari hii ni haba." "Sivyo, za mwaka jana zilikuwa haba zaidi." Nani mkweli? Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyeandika. Kumbe kazi hiyo yaweza kufanywa na mtoto wa miaka saba.

Mpatieni kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo wake sawa na kitako chake. Aliweke uwanjani, mbali na miti na mapaa, alizungushie mawe lisiangushwe na upepo. Kila asubuhi, saa ile ile, achovye kijiti kikavu mpaka chini, akikate panapoishia unyevu, akibandike karatasini penye tarehe ya siku ile. Kisha amwage maji. Kaka au dada yake ajuaye rula apime kijiti na kuandika milimita chini yake. Mwisho wa mwezi vijiti vitasimama mstarini, virefu kwa vifupi, na hata asiyejua kusoma ataona jinsi mvua ilivyonyesha.

Sasa neno lililo kubwa. Siku isiyo na mvua aandike sifuri. Siku aliyosahau kupima aiache wazi, na maji ya siku mbili aandike kuwa ni ya siku mbili. Sifuri yasema, "Nilitazama, hapakuwa na kitu." Nafasi tupu yasema, "Sikutazama." Mtoto aliyesahau hujaribiwa kubuni hesabu ili asigombezwe. Basi msimgombeze. Msifuni kwa kuiacha nafasi ile tupu, maana hesabu moja ya uongo huharibu karatasi nzima. Hamtajua tena ipi ya kuamini. Njia ya mwongo ni fupi, na mtoto ataijua kweli hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Tena iko faida ya nyumbani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati la mita 20 za mraba, likinyeshewa milimita 10, hupokea lita 200, yaani pipa zima, ijapokuwa kidogo hupotea njiani. Akiisha kufanya hesabu hiyo, mtoto atauliza: "Baba, mbona hatuna mfereji wa kukingia maji ya bati, na mama huenda kisimani kila siku?"

Mwe tayari kumjibu.