Mtihani wa Kakonko Katika Mstari Mmoja wa Amri

Tuseme mwalimu wa sekondari wilayani Kakonko ana mtihani wa kurasa 4 na wanafunzi 45. Akichapa upande mmoja, zitakwenda karatasi 180. Akichapa pande zote mbili, 90. Akibana kurasa mbili kila upande, 45 tu, karatasi moja kwa kila mtahiniwa. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo hesabu hii inagusa mfuko wa shule moja kwa moja.

Kwenye kompyuta ya Linux au Mac, yenye printa inayogeuza karatasi yenyewe, kazi yote hiyo ni mstari mmoja:

lp -n 45 -o number-up=2 -o sides=two-sided-short-edge mtihani.pdf

Alama ya -n hutaja idadi ya kopi na number-up hubana kurasa. Kurasa mbili zikikaa bega kwa bega, karatasi husomwa ikiwa imelazwa, ndiyo maana amri inataka igeuzwe kwa ukingo wake mfupi. Kama printa imepewa jina la ofisi, kompyuta hujibu: request id is ofisi-17. Hiyo ndiyo namba ya kazi.

Hapo printa huenda haijavuta hata karatasi moja. Amri imenakili faili na kuipanga kwenye foleni inayosimamiwa na CUPS, programu ambayo Mmarekani Michael Sweet alianza kuiandika mwaka 1997 na kuitoa mwaka 1999. Apple waliiingiza kwenye Mac mwaka 2002, na mwaka 2007 wakainunua. Hadi leo ni huria, yeyote anaitumia bila malipo.

Foleni hiyo hukaa kwenye diski, ndani ya /var/spool/cups. Umeme ukikatika, kazi zilizokuwa zinasubiri hazipotei. Kompyuta ikiwashwa, zinaendelea. Lakini kazi iliyokatizwa katikati huanza upya, na kopi zilizokwishatoka hutoka tena. Dawa yake ni kuwahi: lpstat -o huonyesha foleni, cancel ofisi-17 huifuta kazi hiyo, kisha mwalimu anahesabu karatasi zilizo mkononi. Zikiwa 25, anarudia amri ileile kwa -n 20.

Kazi inaweza pia kupangiwa saa, kwa kuongeza alama ya -H kwenye amri ya lp. Shule inayowasha jenereta jioni inaweza kutuma mtihani mchana, betri ya kompyuta ikiwa bado ina chaji, na kuuacha usubiri. Hapa walimu wengi wangekosea kwa urahisi, maana alama hiyo hufuata saa za kimataifa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Anayetaka uchapaji uanze saa 2:00 usiku, yaani 20:00, huandika -H 17:00.